Gobori imenyamaza, kamba imebaki: mwindaji wa Kivu na bunduki yake ya baruti

GOMA – Katika muji wa Goma, bunduki ikilia hakuna anayefikiri simbiliki. Watu wanafunga milango, watoto wanalazwa chini, simu zinaanza kulia: ni wapi, ni nani wanapigana? Lakini upande wa magharibi, katika vijiji vya pori la Walikale na milima ya Masisi, wazee wanakumbuka wakati ambapo mlio wa alfajiri ulikuwa na maana moja tu: leo kuna mboga.

Mlio wa gobori ni mmoja, mzito, kama mlango mkubwa uliobamizwa na upepo. Kisha kimya. Kimya hicho ndicho alama yake. Kalashi inajibu mara tatu, mara kumi. Gobori ikishalia imemaliza, na mwenye nayo ameanza upya kazi ya kuishindilia.

Gobori ni bunduki inayojazwa kwa mdomo wa mtutu. Nyingine ni za zamani, zimerithiwa na wajukuu. Nyingine zimefuliwa na mafundi wa chuma wa vijijini, na hizo sehemu nyingi za Kongo zinaitwa pupu. Mwindaji anamimina kipimo cha baruti nyeusi, anaweka kitambaa au nyuzi za mti, anashindilia kwa mdeki, anatia marisau au kipande kimoja cha risasi, anashindilia tena. Mwisho anabandika fataki ndogo nyuma ya mtutu, pale nyundo inapoangukia. Kwa mtu aliyezoea ni kazi ya karibu dakika moja. Kwa mtu mwenye woga au mikono iliyolowa mvua, ni zaidi. Kanga hawangoji.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu, shura, makaa na salfa, na inatoa moshi mweupe unaomficha mnyama kwa mpigaji na kumwonyesha mpigaji kwa wengine wote. Harufu yake wakaaji wa Goma hawataishangaa: ni jamaa ya ile inayoshuka siku nyingine kutoka Nyiragongo. Baruti hii haipendi unyevu, na pori la Walikale ni unyevu mtupu. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi nyundo inaanguka, fataki inalia “tak”, na hakuna zaidi. Mnyama ameshakimbia, na mwindaji anabaki na bunduki iliyojaa ambayo hajui kama itawaka baada ya sekunde mbili au haitawaka kabisa.

Kwa hiyo ni silaha ya karibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye gobori anainama kweli: anatambaa mpaka hatua thelathini, arobaini, anangoja, anapiga mara moja. Anachopata ni kidogo. Simbiliki anayekula mihogo, nungu, mboloko, kanga, kwale, kima wa kwenye miti mirefu. Nyati na tembo ni habari nyingine, na wengi waliojaribu kuwapiga kwa pupu hawakupata nafasi ya pili.

Hapo pana jambo ambalo watu wa mazingira na wawindaji wangeweza kukubaliana, kama wangekaa pamoja: bunduki hii ilikuwa na kipimo ndani yake. Mtu hakuweza kumaliza pori kwa silaha inayolia mara moja kwa dakika. Wala haikuwa silaha ya mtakatifu. Ilijeruhi wanyama waliokwenda kufa mbali, na mtutu mbovu uliweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Lakini ilikuwa ya kulisha nyumba.

Kutoka Zanzibar mpaka Maniema

Baruti iliingia mashariki ya Kongo na misafara ya pwani. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Tabora walikuja kutafuta pembe na watu, na bunduki za mdomo ndizo zilizowafungulia njia. Jina linalojulikana zaidi ni la Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake na aliyewekwa mwaka 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold II. Msamiati tunaotumia mpaka sasa ulitembea na misafara hiyo: gobori, gumegume kwa ile ya kuwashwa na jiwe, baruti, fataki, mdeki. Hata neno risasi lina siri yake. Maana yake ya kwanza ni madini yenyewe, yale mazito na laini yanayoyeyushwa kwa moto mdogo. Kitu kinachotoka kwenye mtutu kilirithi jina. Huku kwetu wengi wanasema masasi.

Tarehe 2 julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiliwa kuingia. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena kwa uangalizi, kilikuwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Miaka michache tu kabla, mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alikuwa amegundua baruti isiyotoa moshi, na majeshi ya Ulaya yalikuwa yanaachana na baruti nyeusi. Mkataba ulisema ni kwa ajili ya kumlinda Mwafrika. Matokeo yake ni kwamba teknolojia ya jana iliwekwa mikononi mwa wenyeji, na ya leo ikabaki kwa wenye serikali. Gobori ya babu haikudumu kwa sababu babu aliipenda tu, ndiyo aliyoruhusiwa.

Askari wa Bula Matari, wale wa Force Publique, walibeba bunduki za Albini, ambazo nazo ziliwaka kwa baruti nyeusi lakini kwa cheche za kiwandani zinazoingizwa nyuma. Na hapa uwindaji mdogo unaingia katika ukurasa mbaya kuliko yote ya historia yetu. Katika maeneo ya mpira, hasa Équateur, wakubwa walitaka kila cheche ihesabiwe, na ushahidi kwamba haikupotea bure ulikuwa mkono wa mtu aliyeuawa. Askari waliotumia cheche kupiga nyama ya kula walikuwa na deni la kufunga. Ripoti ya konsuli wa Uingereza Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, pamoja na ushuhuda wa wamisionari, inaeleza kwamba baadhi yao walilifunga kwa kukata mikono ya watu hai. Nyama moja ya pori, mkono mmoja wa mtu. Wanaosema bunduki ya kuwinda ni jambo dogo wasome kurasa hizo.

Mchezo huko, mashaka hapa

Nchini Marekani baruti nyeusi imekuwa starehe. Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda mwaka 1836: vyumba vitano katika zile za kwanza, baadaye sita, kila kimoja kinajazwa baruti na risasi ya mviringo kutoka mbele, na fataki yake nyuma. Ni gobori tano au sita ndogo zilizofungwa pamoja na kuzungushwa. Leo viwanda vya Italia kama Uberti na Pietta vinatengeneza mifano mipya ya bastola hizo, na kuna Wamarekani wanaokwenda nazo porini kutafuta sungura na kindi. Wanaipenda kwa sababu ni ngumu: mkono mmoja, mtutu mfupi, mnyama mdogo, moshi mwingi. Sheria ya silaha ya nchi yao ya mwaka 1968 inaziweka bastola za namna hiyo nje ya zile inazoziita bunduki, kwa vile ni za kale au za mfano wa kale.

Goma, mtu akikutwa na bastola kiunoni, hakuna askari wa upande wowote atakayesimama kumuuliza kama ni ya baruti nyeusi.

Kongo ina sheria za kutosha juu ya karatasi. Sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 mei 1982 inaomba kila mwindaji awe na kibali, na ilimfikiria pia mwanakijiji: kuna kibali cha uwindaji wa vijijini na kibali cha pamoja. Uwindaji una majira yake ya kufunguliwa na kufungwa. Silaha nazo zina sheria yake ya mwaka 1985. Kisha sheria namba 14/003 ya tarehe 11 februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira iliongeza uzito wa adhabu. Ndani ya mbuga, hakuna kibali kinachosaidia: Virunga imefungwa kwa mwindaji tangu ilipoundwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, na Kahuzi-Biega na Maiko tangu mwaka 1970.

Tatizo la mwindaji wa gobori ni kwamba sheria hizi zilidhani kuna ofisi mahali fulani ambapo ataingia na kutoka na karatasi yenye muhuri. Tangu tarehe 6 mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na raia mwenye kesi ya jinai akawa anapelekwa mbele ya mahakama ya wanajeshi. Mwisho wa januari 2025, AFC/M23 wakachukua Goma. Mwezi wa tatu mwaka huo walifika mpaka Walikale-centre, kisha wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Mkulima mwenye bunduki ya babu yake juu ya moto jikoni hajahama hata hatua moja, lakini wanaoweza kumuuliza “hii ni ya nini?” wamebadilika mara kadhaa, na kila mmoja ana jibu analolitaka.

Kwa upande mmoja ni Mzalendo. Kwa upande mwingine ni mpelelezi. Kwa mlinzi wa mbuga ni jangili. Kusema kwamba ni mtu anayefukuza simbiliki kwenye mihogo ndilo jibu la kweli, na ndilo ambalo ni vigumu zaidi kuaminiwa usiku, porini, na moshi mweupe bado unapanda.

Mashaka haya hayakuzuka bure. Vita vilipoanza Walikale mwezi wa tatu mwaka 1993, kwenye soko la Ntoto, na kuenea Masisi, vijana walichukua walichokuwa nacho nyumbani: mikuki, mapanga, mishale, na bunduki za kuwindia. Vikundi vya Mai-Mai vya mwanzo vilijengwa kwa silaha hizo. Gobori iliingia vitani kabla mwenyewe hajaulizwa, na tangu hapo haikurudishiwa jina lake la zamani.

Kalashi haingoji moshi

Julai 1994, mamia elfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na pamoja nao jeshi lililoshindwa na silaha zake. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zilikaa ubavuni mwa mbuga ya Virunga. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Baada ya hapo, silaha ya vita ikawa kitu cha kawaida porini kuliko kibuyu cha baruti.

Kilichotokea kwa wanyama wakubwa kinajulikana, maana walihesabiwa. Viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 25 000 katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1 000. Hakuna gobori iliyofanya kazi hiyo. Ilikuwa masasi ya vita, mikononi mwa watu wenye sare na wasio na sare, na nyama iliuzwa. Walinzi wa mbuga waliojaribu kuzuia walilipa kwa maisha yao: zaidi ya 200 wameuawa Virunga.

Wanyama wadogo hawana mtu wa kuwahesabu. Mboloko hana filamu, simbiliki hana mtalii. Lakini machimbo yaliwafikia. Bisie, katika Walikale, ilipofumuka mwaka 2002 kwa sababu ya kasiteriti, maelfu ya wachimbaji walikwenda kuishi katikati ya pori, mbali na soko la ng’ombe wa Masisi na mbali na sambaza za ziwa Kivu. Watu hao lazima wale. Ripoti ya mwaka 2016 juu ya sokwe wakubwa wa mashariki iliyataja machimbo na nyama ya pori inayolisha wachimbaji kuwa kati ya sababu kubwa za kupungua kwao, na kinachomfikia sokwe kimeshapita kwanza kwa kima na mboloko. Nyama iliyokuwa mboga ya nyumba ikawa bidhaa. Mfanyabiashara wa nyama hawezi kumngojea mzee anayetambaa hatua arobaini kwa mlio mmoja. Anataka kalibri 12 yenye cheche za dukani, kama zile za kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire zinazojulikana Afrika ya kati yote, au anataka kalashi. Au anataka kamba.

Kamba haiombi kibali, hailii, haitoi moshi. Waya wa breki ya baiskeli, nailoni, kijiti kilichopindwa: mtu mmoja anatega hamsini kwa siku na kurudi nyumbani mikono mitupu, kama mtu aliyekwenda kutafuta kuni. Akikutana na askari, hana cha kuonyesha. Kwa nyakati za leo hilo peke yake linatosha kumfanya mwindaji aiache gobori. Lakini kamba haichagui. Katika eneo la Mikeno, juu ya Goma, mitego inayotegewa mboloko na mbawala inashika pia mikono na miguu ya watoto wa sokwe, na kituo cha Senkwekwe pale Rumangabo kimewahi kupokea mayatima wa namna hiyo. Mnyama aliyenaswa siku ambayo mwenye mtego amekimbia vita anaoza pale pale. Mwenye gobori, kwa ubaya wake wote, alimwona mnyama kabla ya kumuua: alijua kama ni jike mwenye mimba, alijua kama ni mboloko au ni mtoto wa jirani aliyeinama kuchuma uyoga.

Nyama ndogo ina mashaka mengine ambayo hayategemei silaha. Mpox ilitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970, kwa mtoto wa Basankusu, Équateur. Mwaka 1985 virusi vyake vilipatikana katika kindi aliyekamatwa Zaire. Aina iliyoanzia Kamituga mwaka 2023 na kufika katika kambi za wakimbizi za Goma mwaka 2024 ilisambaa hasa kutoka mtu kwa mtu, si kutoka kwenye sufuria. Hata hivyo, anayechuna kindi au kima kwa mikono mitupu yenye michubuko yuko mahali ambapo ugonjwa huu unaweza kuvukia kwa binadamu. Kuosha mikono, kutogusa mnyama aliyekutwa amekufa, kuweka watoto mbali wakati wa kuchuna: hayo yanawezekana hata kijijini. Na anayekula nyama iliyopigwa marisau aitafute vizuri sahanini. Vipande vile ni sumu ya polepole, hasa kwa watoto.

Kabla ya gobori, na sambamba nayo, kulikuwa na wavu. Wanyanga wa Walikale, wale wale wanaosimulia habari za Mwindo, wanajulikana kwa uwindaji wa nyavu na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni. Wambuti wa Ituri wana nyavu zao pia. Wavu unataka kijiji kizima: wengine wanashika, wengine wanapiga kelele, wanawake na watoto wanafukuza kutoka upande wa pili, na jioni nyama inagawanywa kwa kanuni ambazo kila mtu anazijua. Hakuna baruti ya kulowa, hakuna mlio wa kumtisha askari. Mnyama mdogo sana, au jike mwenye mimba, anaweza kuachiliwa akiwa hai.

Lakini wavu unataka watu ishirini wanaoishi pamoja na wasioogopa kupiga kelele porini. Katika vijiji vingi vya Walikale na Masisi, hao ishirini wametawanyika: wengine kwa ndugu zao mijini, wengine machimboni, wengine katika vikundi vya silaha. Aliyebaki ni mmoja. Gobori ameiweka darini ikiwa imefungwa katika gunia, au ameizika, au imeshachukuliwa. Asubuhi anapita kwenye mihogo yake, anaangalia mahali simbiliki alipokula usiku, na katika mfuko wa koti ana waya wa breki.